Barua Hukaa kwa Aliyeandikiwa

Januari 1945 mabomu yaliyoangushwa juu ya Munich yaliteketeza jengo lililokuwa la Günther-Schule, shule ya muziki, mazoezi ya viungo na dansi iliyofunguliwa mwaka 1924 na Dorothee Günther akishirikiana na mtunzi wa muziki Carl Orff. Shule yenyewe ilikuwa imeshafungwa mwaka uliotangulia, na wakuu wa chama cha Nazi walikuwa wamelitwaa jengo. Moto ulikula ngoma, marimba, mavazi ya wachezaji, picha, na karatasi za miaka ishirini. Mtu anayetafuta leo barua zenye sahihi za walimu Wajerumani waliofundisha watoto muziki lazima aanzie kwenye majivu hayo, maana ndiyo yanayoeleza kwa nini barua fulani hazipatikani kabisa na kwa nini nyingine hutafutwa mbali na mahali zilipoandikwa.

Barua ikishatiwa sahihi na kufungwa bahasha, humhama mwandishi. Mtu akifa na kuacha makabati yaliyojaa, ndani yake mna barua alizoandikiwa na wengine. Zake mwenyewe ziko kwa wachapishaji, marafiki, wanafunzi wa zamani na maofisa wa wizara aliowaomba fedha. Kwa hiyo anayemkusanya Orff hamfuati Orff. Huwafuata watu aliokuwa akiwaandikia, na kujiuliza nani kati yao nyumba yake haikuungua, nani hakulazimika kukimbia, nani alikuwa na binti mwenye tabia ya kutotupa kitu.

Ujerumani kazi hii ina soko lake la siku nyingi. Duka la J. A. Stargardt lilianzishwa Berlin mwaka 1830, na kwa vizazi kadhaa katalogi zake zimekuwa kama msahafu wa wanaonunua na kuuza miandiko ya watu mashuhuri. Lugha ya katalogi hizo ni ya vifupisho. E. Br. m. U. ni barua iliyoandikwa yote kwa mkono wa mwenyewe na kutiwa sahihi yake, Masch. Br. m. U. ni ya taipureta, sahihi tu ndiyo ya mkono. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili yaweza kuwa kubwa, nami sikubaliani nayo kwa upande wa walimu. Mwalimu anapokaa kwenye taipureta huwa anabishana juu ya mitaala, mishahara na idadi ya vinanda shuleni. Kalamu ya mkono hushikwa mara nyingi kwa salamu za Krismasi. Mnunuzi anayependa wino mzuri atapata salamu, na anayetaka historia atapata taipureta kwa bei nafuu.

Wa mwanzo katika safu hii ni Friedrich Fröbel, ingawa yeye hakuwa mwanamuziki hata kidogo. Alizaliwa 1782 Oberweissbach, kwenye milima ya Thuringia, na mwaka 1840 akaanzisha kule Blankenburg kile ambacho dunia nzima inakijua kama shule ya chekechea. Miaka minne baadaye alitoa Mutter- und Koselieder, kitabu cha nyimbo za mama na mtoto wake, pamoja na michezo ya vidole na mikono, muziki wake ukiwa umetungwa na Robert Kohl. Wanamuziki waliudharau muziki huo, na kwa kweli haukuwa mzuri. Lakini wazo lililokuwa ndani yake, kwamba mtoto huanza kuimba kwa mwili wake kabla ya kujua nota ni nini, ndilo lililowalisha wote waliofuata.

Fröbel alikuwa mwandishi wa barua asiyejua kuishia. Mojawapo inayojulikana sana, aliyomwandikia Mtawala wa Meiningen mwaka 1827, ilirefuka hata ikawa simulizi ya maisha yake, na ilipokuja kuchapishwa baada ya kifo chake ikasomwa duniani kote kama tawasifu. Nayo ni rasimu ambayo hakuikamilisha. Huyo ni mmoja wa wachache wanaovunja kanuni niliyoitaja hapo juu, kwani alihifadhi rasimu na nakala, na nyingi zimefika kwenye maktaba ya historia ya elimu mjini Berlin na kwenye makumbusho ya Bad Blankenburg.

Barua za miezi yake ya mwisho ndizo chungu. Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule za chekechea kwa kuzishuku kuwa mbegu za ukafiri na ujamaa. Ofisa aliyeandika amri alimchanganya na mpwa wake Karl Fröbel, ambaye alikuwa ametoa kijitabu kuhusu elimu ya wanawake. Mzee alieleza, akaandika, akaomba. Wizara haikurudi nyuma. Alifariki Juni 1852, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi 1860.

Anayeshika barua ya wakati huo kwa mara ya kwanza hukutana na ukuta mwingine. Imeandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa Kijerumani wenye pembe kali, ambamo herufi e hufanana na n na herufi h huning'inia kama ndoano. Mwaka 1915 shule za Prussia zilianza kufundisha aina yake iliyorahisishwa na mchoraji Ludwig Sütterlin. Kisha mwaka 1941 utawala wa Hitler, ambao watu wangedhani ungeutukuza mwandiko wa Kijerumani, uliufuta shuleni na kuleta herufi za Kilatini. Walioanza shule baada ya hapo walikua wasiweze kusoma barua za bibi zao. Naamini amri hiyo imepoteza barua nyingi kuliko watu wanavyofikiri, si kwa moto wala kwa mahakama, bali kwa warithi waliofungua sanduku, wakaona mikwaruzo isiyosomeka, wakatupa. Mkusanyaji anayetumia miezi michache kujifunza kusoma Kurrent huwashinda wenye fedha wanaonunua kwa kuangalia sahihi peke yake.

Anayemfuata Fröbel katika safu hii ni Agnes Hundoegger wa Hannover, aliyezaliwa 1858. Alikwenda Uingereza, akajifunza mfumo wa tonic sol-fa ulioenezwa na mchungaji John Curwen, akarudi, na mwaka 1897 akatoa mwongozo wake kwa Kijerumani akiuita Tonika-Do. Msomaji aliyeimba kwaya kanisani Tanzania au Kenya hahitaji kuelezwa mfumo huo: ni zile d, r, m, f, s zilizoandikwa kwa herufi, zikapita mikononi mwa wamisionari na kufika kwetu kwa njia yao. Ujerumani zilipita mikononi mwa wanawake. Waliofundisha Tonika-Do wengi walikuwa walimu wa kike wa kujitegemea, wenye kinanda kimoja sebuleni na watoto wa majirani, na jina la mwalimu wa namna hiyo haliwindwi mnadani.

Kati yao namtaja Maria Leo wa Berlin, aliyezaliwa 1873. Mwaka 1911 alianzisha chuo cha kuwaandaa walimu wa muziki na kupigania walimu wa kike wapewe mafunzo na mitihani inayoheshimika. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1942, alipojua kwamba zamu yake ya kupelekwa kambini imefika, alijiua. Mwenzake Frieda Loebenstein, naye wa Tonika-Do, aliwahi kuondoka kwenda Brazil na akafia huko mwaka 1968. Nyumba za Wayahudi waliopelekwa kambini zilifungwa na dola, samani zikapigwa mnada, na karatasi zisizo na bei hazikuwa na wa kuzitetea. Barua yenye sahihi ya Maria Leo ikitokea sokoni leo, kuna uwezekano mkubwa imetoka kwa mtu aliyekuwa ameandikiwa. Wauzaji wachache wanalijua jina hilo, na ndiyo maana mara nyingine huwa limelala ndani ya bunda la karatasi mchanganyiko.

Mtu wa walimu hao wizarani alikuwa Leo Kestenberg. Alizaliwa 1882 katika mji ambao leo uko Slovakia, akawa mpiga piano, mwanafunzi wa Ferruccio Busoni, na msoshalisti. Baada ya mapinduzi ya 1918 aliingia Wizara ya Utamaduni ya Prussia kama mshauri wa muziki, na mwaka 1921 akatoa kitabu kilichopanga elimu ya muziki kuanzia chekechea hadi chuo kikuu. Kanuni alizozisukuma katika miaka ya 1920 zilimtoa mwalimu wa muziki wa sekondari kwenye hali ya fundi wa kuimbisha na kumfanya msomi mwenye shahada kama mwalimu wa historia au hesabu. Mjerumani anayefundisha muziki sekondari leo bado anakula matunda yake, ajue asijue.

Mwaka 1923 huohuo ambao fedha ya Ujerumani iliporomoka, Fritz Jöde, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Hamburg aliyezaliwa 1887, aliitwa Berlin kuwa profesa, na huko akafungua shule ya muziki ya vijana Charlottenburg. Hebu fikiria ilivyokuwa kuandika barua wakati huo. Mwanzoni mwa Desemba gharama ya kutuma barua moja ndani ya nchi ilikuwa marki bilioni 100. Wakusanyaji wa stempu hupenda bahasha za miezi hiyo, na maduka mengi yalishazitenganisha na barua zilizokuwamo: bahasha ikaenda kwa mtu wa stempu, karatasi ikatupwa au ikauzwa kwingine. Mtu wa miandiko akikuta barua ya Jöde ya 1923 ikiwa bado ndani ya bahasha yake, asiitenganishe kamwe, kwani muhuri wa posta ndio unaothibitisha tarehe, na walimu wana tabia ya kuandika siku na mwezi tu.

Jöde aliandika sana kwa sababu alikuwa na vuguvugu zima la kuliendesha. Vijana waliokuwa wakitembea porini na magitaa mgongoni aliwapa vitabu vya nyimbo za zamani, akawafundisha kuimba kanoni, akabuni vipindi vya kuimbisha umati uwanjani, wapita njia wakisimama na kuimba. Barua zake zilikwenda kwa viongozi wa vikundi katika miji midogo ya Ujerumani yote, kwa hiyo hadi leo hupatikana bila taabu kubwa. Wanazi walimsimamisha kazi katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 1940 alijiunga na chama chao, akapata kazi Salzburg, na baada ya vita akarudi kuongoza muziki wa vijana Hamburg kana kwamba hakuna kilichotokea katikati. Nyaraka za vuguvugu lake leo zimehifadhiwa kwenye ngome ya Burg Ludwigstein, jimbo la Hesse. Anayekusanya Jöde wa nyimbo za furaha peke yake, akairuka miaka ya 1933 hadi 1945, anajinunulia uongo, na wauzaji wako tayari kumuuzia.

Kestenberg hakupewa nafasi ya kuchagua. Mwishoni mwa 1932, kabla hata Hitler hajashika madaraka, aliondolewa wizarani. Mwaka 1933 alikuwa Prague, akaunda huko chama cha kimataifa cha elimu ya muziki. 1938 akakimbia tena, safari hii hadi Tel Aviv, ambako alisimamia orkestra ya Palestina. Mwaka 1953 ilipoanzishwa jumuiya ya kimataifa ya elimu ya muziki alifanywa rais wake wa heshima. Alifariki Tel Aviv mwaka 1962. Barua zake zimekusanywa na kuchapishwa Ujerumani katika karne hii, na ukizisoma kwa mfululizo utaona jambo ambalo hakuna kitabu cha mafunzo kingelisema: wenzake wa Berlin waliomwandikia kwa bidii alipokuwa na cheo, wakanyamaza alipokuwa mkimbizi, halafu baada ya 1945 wakaanza tena kuandika kwa upole mwingi, wengine wakihitaji neno jema kutoka kwake.

Orff alikuwa mmoja wa waliopata hasara Kestenberg alipoondolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 palikuwa na mpango, Kestenberg akiuunga mkono, wa kuujaribu ufundishaji wa Orff katika shule za Berlin. Ukafa pamoja na cheo cha Kestenberg.

Ufundishaji huo una asili ambayo msomaji wa Afrika ana haki ya kuijua. Orff mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba mnamo 1926 marafiki zake walimpatia kutoka Hamburg marimba ndogo ya Kiafrika, sanduku lake likiwa limeundwa kwa kasha la kawaida la bandarini na mbao zake zimefungwa kwa kamba. Aliyeitengeneza, kwa mujibu wa simulizi hiyo, alikuwa baharia wa Kameruni. Gunild Keetman, mwanafunzi aliyejiunga na shule mwaka huohuo, akaanza kuichezea na kuitungia muziki. Fundi Karl Maendler, aliyekuwa mtengenezaji wa vinanda vya kale, akapewa kazi ya kuunda nyingine kwa mfano wake, na kutoka kwenye karakana yake zikaja marimba za watoto ambazo leo zimejaa shule za Ulaya, Marekani na Japani. Kuhusu vyombo hivi pana mawasiliano ya Orff, ya Keetman, ya Maendler na ya mchapishaji Schott wa Mainz. Baharia hana barua. Hata jina lake halikuandikwa, na mkusanyaji wa sahihi anapaswa kukumbuka kwamba kazi yake, kwa asili yake, humwacha nje mtu wa aina hiyo.

Mwaka 1936 maelfu ya watoto na wasichana walicheza katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki Berlin, dansi zikiwa zimeandaliwa na Dorothee Günther na muziki ukiwa wa Orff na Keetman. Mwaka uliofuata Carmina Burana, kazi yake kubwa ya kwaya na orkestra, ikaimbwa Frankfurt kwa mara ya kwanza. Tangu hapo kuna Orff wawili sokoni. Orff wa Carmina huuzwa ghali, hasa akiwa ameandika vipimo vichache vya nota juu ya sahihi yake. Orff wa watoto huuzwa rahisi. Ningekuwa na fedha za mmoja tu, ningechukua wa pili.

Ipo barua moja ya Orff isiyoweza kununuliwa na yeyote kutoka kwa mpokeaji wake. Rafiki yake Kurt Huber, profesa wa Munich aliyekusanya nyimbo za jadi za Bavaria na kufanya kazi hiyo pamoja na Orff, aliingia katika kundi la Weisse Rose lililosambaza karatasi za kumpinga Hitler. Alikamatwa Februari 1943 na kukatwa kichwa tarehe 13 Julai. Orff alipofika nyumbani kwa Huber na kusikia habari ya kukamatwa, kwa masimulizi ya mjane Clara, hofu yake ilikuwa juu ya nafsi yake na kazi yake. Vita vilipokwisha, Clara aliandaa kitabu cha kumbukumbu kilichotoka 1947, na mchango wa Orff humo ni barua kwa marehemu. Kuna wanaoisoma kama toba, na wengine kama maigizo. Katika miaka ya 1990 mwanahistoria Michael Kater alidai kwamba Orff aliwadanganya maofisa wa Marekani kuwa naye alikuwamo katika kundi hilo. Wengine walipopekua nyaraka za uchunguzi wa Wamarekani hawakukuta dai hilo, na ubishi haujaisha. Hapo ndipo karatasi yenye tarehe na sahihi inapokuwa na uzito kuliko kumbukumbu za wazee.

Kuzaliwa upya kwa kazi ya watoto kulitoka redioni. Mwaka 1948 Walter Panofsky wa Redio ya Bavaria alimwomba Orff muziki ambao watoto wangeucheza wenyewe, na kipindi cha kwanza kikarushwa tarehe 15 Septemba. Vyombo vilikuwa haba, mbao nzuri hazikupatikana, na kijana Klaus Becker akaanza kuunda marimba kwa alichokipata. Karakana yake ya Studio 49 ipo hadi leo. Watoto waliosikiliza waliandika kwa redio. Kati ya 1950 na 1954 Schott alitoa juzuu tano za Musik für Kinder, zenye majina mawili kwenye jalada, Orff na Keetman. Mwaka 1961 ikafunguliwa taasisi ya Orff mjini Salzburg, na wanafunzi wake wakatoka Kanada, Japani, Ghana na kwingineko.

Jina la pili kwenye jalada ndilo ninalowashauri wanaoanza walitafute. Keetman, aliyezaliwa Elberfeld mwaka 1904, aliandika sehemu kubwa ya muziki uliomo kwenye juzuu hizo, akasimama mbele ya watoto wakati Orff akieleza nadharia, na hakupenda kujionyesha. Mtu wa namna hiyo huandika barua kwa wanafunzi wake, akiwajibu maswali ya kazi: mtoto huyu hawezi kushika fimbo mbili, afanyeje, wimbo huu una mapigo mangapi. Ndizo barua zinazofundisha. Orff alifariki 1982 na kuzikwa kwenye kanisa la watawa Andechs. Keetman alimfuata mwaka 1990, mwaka uleule kituo cha Orff-Zentrum kilipofunguliwa Munich kuhifadhi kumbukumbu za kazi yao.

Anayetaka kujua kilichokwisha kuhifadhiwa aanze na Kalliope, orodha ya pamoja inayosimamiwa na maktaba ya taifa ya Berlin, inayoonyesha barua ipi iko maktaba gani. Ajue pia sheria. Karatasi ni mali ya mpokeaji au aliyeinunua kwake, lakini maneno yaliyomo ni ya mwandishi na warithi wake kwa miaka 70 baada ya kifo chake. Fröbel anachapishwa na yeyote. Maneno ya Kestenberg yanalindwa hadi mwisho wa 2032, ya Jöde hadi 2040, ya Orff hadi 2052. Mwenye barua ya Keetman anaweza kuiweka kwenye fremu ukutani, kuiuza au kuirithisha, ila akitaka kuichapisha aombe ruhusa, hadi mwisho wa 2060.